Mgongo wa Nyasi, Kifua cha Njano

"Usisogee," mdogo wangu aliniambia bila kufungua midomo.

Nikabaki vile vile nilivyokuwa, goti moja kwenye tope, mkono mmoja hewani kama mtu anayeomba lifti. Umande ulikuwa umeshapenya sketi yangu hadi kwenye ngozi. Mbele yetu, juu ya kigingi cha uzio, ndege alikuwa ametua na kutupa mgongo kama mwenye nyumba asiyetaka wageni. Mgongo wenyewe haukuwa na la kusimulia. Ulikuwa wa kahawia yenye michirizi, rangi ya nyasi zilizosahauliwa na mvua, na kama asingekuwa amekaa juu ya kile kigingi, macho yetu yangempita hivi hivi.

"Si yeye," alinong'ona mwongozaji wa kikundi cha ngoma cha mdogo wangu. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameruka na kupiga ukelele, maana ndege huyo huyo alichomoka chini ya kisigino chake. "Huyo ni wa kawaida tu. Wetu ana rangi."

Hapo ndege akageuka.

Mpaka leo nikisimulia habari hii mikono hunipanda yenyewe, na watu wa nyumbani wameshajifunza kuondoa vikombe karibu yangu. Njano! Ilianzia chini kabisa ya mdomo, ikajaa koo lote, ikamwagika kifuani na kushuka tumboni, njano nzito ya kiini cha yai, na jua la asubuhi lilipoipiga nilihisi kama mtu amefungua dirisha usoni pangu. Katikati ya njano hiyo ulipita utepe mweusi, mpana kifuani, ncha zake zikipanda huku na huku hadi kwenye pembe za mdomo, kama mkanda wa kofia uliofungwa na mama mwenye wasiwasi. Juu ya jicho alikuwa na unyusi wa njano. Akainua kichwa, koo likatetemeka, akaimba.

Mdogo wangu alinishika mkono kwa nguvu hadi kucha zikaniingia.

"Dada," alisema. "Alikuwa hapo muda wote."

*

Ili mtu aelewe watu wazima watatu walikuwa wanafanya nini matopeni asubuhi ile, lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yetu.

Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyetulea, na alitulea kwa sare za shule. Chumba kile kilikuwa na vyerehani viwili vya kukanyaga kwa miguu, na pembeni, chini ya shuka kuukuu, ovaloki ya umeme, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, iliyonguruma kama paka aliyeshiba. Rafu zilijaa majora ya kaki, ya kahawia, ya buluu. Sakafuni kulikuwa na vipande. Ukivifagia asubuhi, mchana vimerudi. Shangazi alizungumza na pini mdomoni, na katika maisha yake yote hakuwahi kumeza hata moja, jambo alilolitaja mara kwa mara kana kwamba kuna mtu aliyewahi kumshtaki.

Mimi nilishona naye. Mdogo wangu, ambaye Shangazi alimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yetu, hakuwa mtu wa kukaa kwenye kiti. Alicheza. Alicheza akipeleka maji, alicheza akisubiri uji upoe, na alipokuwa mkubwa alijiunga na kikundi cha ngoma na maigizo kilichofanyia mazoezi kwenye ukumbi wa mji. Kiongozi wa kikundi alikuwa bwana mmoja mwembamba aliyening'iniza filimbi shingoni na kuipuliza kila mtu alipokosea, hata nje ya mazoezi. Watu walimwita Filimbi, naye aliitika.

Kisha Kitinda akaanguka.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya habari ya ndege. Alikuwa anaingia jukwaani mbio kutoka pembeni, ukumbi umefurika, mguu ukateleza kwenye ubao uliokuwa umelowa, naye akaenda moja kwa moja hadi kwenye ngoma kubwa ya mbele na kuipasua kwa kiwiko. Hakuumia. Ila watu walicheka. Walicheka ukumbi mzima, kicheko cha kushika mbavu, na mtu fulani alikuwa amerekodi kwa simu. Kwa miezi mingi Kitinda alikuwa akipita barabarani anasikia vijana wakigonga meza: du!

Aliendelea na kikundi. Kwenye mazoezi alicheza vizuri kuliko zamani, maana hasira nayo ina mchango wake. Lakini akisimama pale pembeni, nyuma ya ukingo wa pazia, akisubiri kuingia, miguu ilikataa. Niliwahi kumsindikiza nikaona kwa macho yangu. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu, na filimbi ililia mara mbili, mara tatu, yeye kasimama pale pale kama kabati.

Ndipo Filimbi akaja chumbani kwetu na mchezo mpya.

"Nataka mniundie ndege," alisema, akatupa mguu mmoja juu ya mwingine kwenye kiti cha wateja. "Ndege wa majanini. Watu wanakuja kufyeka uwanda, ndege ana kiota, hawamwoni. Ndege ndiye mchezo wenyewe. Kifua cha njano, mama, njano ya kuua! Halafu ana tai."

Shangazi akatoa pini mdomoni, ishara kwamba jambo ni zito.

"Ana nini?"

"Tai."

"Sasa ni ndege mmoja au wawili? Maana tai naye ni ndege, tena wa kula vifaranga."

"Tai ya shingoni, mama! Ya ofisini! Nyeusi, hapa," alisema Filimbi akijipiga kifua, na filimbi ikaruka ikampiga kidevuni. Tulicheka hadi Kitinda, aliyekuwa amekaa kwenye jora la kaki, akaanguka nyuma miguu juu. Nilimtazama anavyocheka nikafurahi. Kisha Filimbi akamgeukia, akasema kwa sauti nyingine kabisa:

"Ndege ni wako, ukimtaka. Lakini lazima uingie. Nikifika mazoezi ya mwisho bado umesimama nyuma ya pazia, itabidi nimpe mwingine. Nakupenda kama mwanangu, ila watu wengine ishirini wanakutegemea, sina jinsi."

Kicheko kikafa hapo hapo. Kitinda alijikung'uta sketi, akasema amesikia.

*

Vazi la kwanza Shangazi alilishona kwa moyo wote. Baada ya miaka na miaka ya kaki, mtu alikuwa amemwambia njano ya kuua, na alikusudia kuua kweli. Lilikuwa la satini, njano mbele, njano nyuma, njano kwenye mabawa, na vimetameta vimetawanywa kila mahali. Lilipoinuliwa dirishani, chumba kizima kilibadilika rangi. Shangazi alirudi nyuma hatua kadhaa akaliangalia kwa mikono kiunoni.

"Atakayesema hajamwona ndege huyu," alisema, "apelekwe kwa daktari wa macho."

Kitinda akalivaa. Akajitazama kwenye kioo kirefu, akageuka, akajitazama mgongo kupitia begani. Nilitegemea aruke. Badala yake midomo ikaanza kumcheza.

"Nang'aa kote, Shangazi," alisema. "Hakuna hata pa kujificha."

Akalivua taratibu, akalikunja, akatoka uani. Nilimkuta ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, anafuta macho kwa kiganja, amekasirikia machozi kuliko kitu kingine chochote.

Mimi ni mshonaji. Mteja akisema nguo haimkai, sibishani naye. Narudi kwenye vipimo. Na vipimo vya ndege huyu hakuna aliyekuwa amevichukua. Nilimfuata Filimbi ukumbini nikamuuliza alimwona wapi.

"Nyuma ya matangi ya maji ya mji, kwenye ule uwanda. Nilikuwa barabarani, yeye yuko mbali, juu ya kigingi."

"Ukamwona mgongo?"

Akafikiri. Filimbi alikuwa na fadhila moja kubwa: ukimuuliza swali zuri hakuona haya kukosa jibu. Macho yakamtoka pima.

"Unajua," alisema, "mgongo sijauona kabisa."

Ndivyo tulivyojikuta uwandani asubuhi, sisi watatu. Shangazi tulimwalika akakataa; alisema ameona kuku wa kutosha.

Tulitembea nyasi zikitufikia mapajani na hatukuona kitu. Tulikwenda hadi kwenye matangi tukarudi. Filimbi alianza kulalamika kuhusu viatu vyake. Kitinda alikuwa mbele yetu, kimya, amevaa sweta lake la kahawia la nyumbani. Kulikuwa na sauti ya ndege mahali fulani, mluzi mmoja mkali na kisha kimya, mara kushoto, mara nyuma yetu, kama mtoto anayekutania. Filimbi akapiga hatua moja ya kurudi nyuma ili atikise tope, na nyasi chini ya kisigino chake zikalipuka.

Hayo mengine nimeshayasimulia: ukelele, kigingi, mgongo, na ile njano.

Ambacho bado sijasimulia ni kilichofuata. Ndege alipomaliza kuimba alishuka chini, akatembea. Hakurukaruka kama shomoro. Alitembea, mguu baada ya mguu, kifua mbele, kama bwana harusi, na kila alipoinua mguu niliona ukucha wake wa nyuma, mrefu kupita kiasi, ukikanyaga juu ya nyasi zilizolala bila kuzama. Mwili wake ulikuwa mnene kidogo, mdogo kuliko njiwa, mkia mfupi. Kwenye mbavu, mahali njano inapokutana na kahawia, kulikuwa na michirizi myeusi, kana kwamba mshonaji wake aliogopa kuacha mshono uonekane. Nilikodoa macho hadi yakaniuma. Kila unyoya wa mgongoni ulikuwa mweusi-kahawia katikati na pindo jembamba la rangi ya nyasi kavu. Kila mmoja! Mamia ya vipande vidogo, kila kimoja kimepindwa kivyake, na vyote kwa pamoja vikiwa si kitu, vikiwa nyasi tu. Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa natazama kazi ya mikono.

Kisha akatupa mgongo tena, hatua moja tu, akapotea. Sisemi aliruka. Nasema alikuwa pale, mbele ya macho yetu sita, halafu hayupo.

"Yuko wapi?" Filimbi alinong'ona.

"Pale pale," nikasema.

"Pale wapi?"

Kitinda alitupita sote wawili. Alipiga hatua chache kuingia kwenye nyasi, na sweta lake la kahawia, akapiga magoti, akajikunja, akainamisha kichwa. Nilikuwa namtazama, nilijua alipo, na bado macho yangu yalimpita yakaenda kwenye nyasi za nyuma yake. Filimbi alishika filimbi yake kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa italia yenyewe.

Sauti ya mdogo wangu ikatoka majanini.

"Bosi. Niweke jukwaani kabla pazia halijafunguliwa."

"Unasemaje?"

"Sitaki kuingia. Ndege haingii. Ndege yuko pale tangu mwanzo, watu ndio hawajamwona." Kichwa chake kikachomoza, na majani yamenasa kwenye nywele, macho yanawaka. "Watakuja wafyekaji, watazungumza, watapita karibu yangu, mimi nimelala nimewapa mgongo. Halafu nageuka."

Filimbi alimtazama. Akanitazama mimi. Kisha akaanza kukimbia. Bwana mzima, na viatu vyake vya ngozi, alikimbia duara kwenye uwanda ule akipuliza filimbi kwa nguvu zake zote, na kutoka kila upande, mahali ambapo tungeapa hakuna kitu, ndege waliruka, wa kahawia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akifungua mkia wenye pembe mbili nyeupe.

"Na weupe!" Kitinda alipiga kelele akinionyesha. "Dada, umeona weupe wa mkiani? Usisahau weupe!"

*

Kumshawishi Shangazi ilikuwa kazi nyingine.

"Nishone nini?" aliuliza. Pini zote zilitoka mdomoni.

"Mgongo wa nyasi. Kwa vipande vya kaki."

"Watu wanatoka makwao, wanavaa, wanajipaka mafuta, waje watazame mgongo wa kaki? Kaki wanaiona kila siku asubuhi inaenda shule!"

"Hawatautazama, Shangazi. Ndiyo maana yake."

"Kwa hiyo nishone nguo ili isionekane." Akacheka kicheko kikavu. "Kichaa kimewapata huko kwenye tope, nyote watatu."

Nikaacha maneno. Nilivuta shuka kwenye ovaloki nikaketi. Nilikata kipande cha kahawia nzito umbo la jani, nikakipitisha kwenye mashine kwa uzi wa kaki iliyopauka. Ovaloki ikakizunguka, na pindo jembamba likatokea ukingoni pote, sawasawa na nilivyoliona kule uwandani. Nilikiinua kwenye mwanga nikacheka peke yangu. Unyoya! Mashine tuliyoitumia kuzuia nyuzi za kaptura za watoto zisifumuke ilikuwa inajua kutengeneza manyoya, na hatukuwahi kuiuliza. Nikakata kingine, na kingine. Nilipopata vya kutosha nilivipanga juu ya gunia, safu juu ya safu, kama vigae vya paa, nikavishika kwa mshono wa juu tu ili ncha zibaki huru kutikisika. Sikula mchana. Sikumbuki kama nilikwenda hata msalani.

Kazi ilipofikia upana wa mgongo wa mtu, niliitandika sakafuni katikati ya vipande vya siku ile, nikamwita Shangazi aje aone.

Alikuja akijifuta mikono. Akasimama katikati ya chumba, akatazama huku na huku.

"Haya, umeiweka wapi?"

Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mkono.

"Wewe mtoto, nina kazi. Iko wapi?"

"Shangazi," nikasema, "umeikanyaga."

Akatazama chini. Akainua mguu mmoja, kwa uangalifu, kama mtu aliyeambiwa ana nyoka miguuni. Kisha akainama, akaushika ukingo, na mgongo wote wa ndege ukanyanyuka kutoka sakafuni, unyoya kwa unyoya, ukitikisika. Akapitisha vidole juu yake, akavirudisha kinyume, manyoya yakasimama, akayalaza tena.

"Haya ya shingoni ni makubwa mno," alisema hatimaye. "Shingoni yanakuwa madogo. Na usikate yote sawa, watu watadhani ni marinda ya sketi ya shule. Sogea hapo, nipishe kwenye mashine."

Tulishona kwa zamu hadi kazi ikaisha. Kifua kilibaki satini ya vazi la kwanza, ila vimetameta Shangazi alivifumua mwenyewe kimoja kimoja akilalamika kwa kila kimoja, kwa sababu nilimweleza kwamba njano ile haikuhitaji msaada. Utepe mweusi tuliukata kwenye mahameli, mpana kifuani, ncha zikipanda hadi kwenye taya. Mbavuni tulishona michirizi. Mkiani tukaficha vipande viwili vyeupe vinavyofunguka akikimbia. Kitinda, kwa upande wake, aliacha hatua zote za kurukaruka alizofundishwa, akajifunza kutembea upya, uani, kwenye matofali, kifua mbele, mguu baada ya mguu. Filimbi aliandika upya nusu ya mchezo na kugombana na nusu ya kikundi. Na kwenye mazoezi ya mwisho hapakuwa na suala la kuingia. Kitinda alikuwa ameshaingia, amelala.

*

Onyesho lilikuwa saa kumi jioni, siku ya mapumziko. Mimi na Shangazi tuliketi safu ya pili, pembeni, sote wawili na sindano zenye uzi zimechomekwa kwenye kola. Ukumbi ulijaa. Mlangoni kulikuwa na bango lenye ndege wa njano, na nilisikia kwa masikio yangu kijana mmoja wa nyuma yetu akimwambia mwenzake, "Ni yule dada wa du!" na mwenzake akagonga kiti. Shangazi akageuza shingo. Sijui aliwatazama vipi, lakini hawakugonga tena.

Pazia likafunguliwa. Jukwaa lilikuwa uwanda: nyasi kavu za kweli zilizofungwa kwenye mbao, gunia, mwanga wa asubuhi. Hakuna mtu.

Nilijua alipo. Nilikuwa nimemfunga vifungo kwa mikono yangu. Nilimtafuta, na kwa muda ambao moyo wangu hautausahau, sikumwona.

Wafyekaji waliingia na panga zao. Walizungumza, walitaniana, mmoja alikaa chini kuvuta pumzi karibu kabisa na bega la mdogo wangu. Mama mmoja mbele yetu akamwinamia mumewe. "Ndege yuko wapi? Mbona kwenye bango kuna ndege?"

"Subiri, mke wangu, atakuja."

Nilimfinya Shangazi paja. Shangazi alinifinya mkono.

Ngoma ikabadilika. Ndiyo ilikuwa ishara: mapigo mazito, kisha kimya, naye ageuke. Mapigo yakaja, kimya kikaja. Nyasi hazikutikisika.

Mpigaji alirudia. Kimya tena. Wafyekaji walitazamana kwa pembe za macho. Mmoja akaanza kunoa panga lililokwisha kunolewa. Nilimwona, sasa nilimwona, mgongo wa kahawia ukipanda na kushuka kwa pumzi, na nikasema moyoni, basi, miguu imekataa, amegandia pale mbele ya mji mzima, na mimi ndiye niliyemshonea mahali pa kujifichia. Shangazi alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. Pembeni mwa jukwaa, Filimbi alikuwa ameshika filimbi midomoni bila kupuliza, mashavu yamejaa.

Ngoma ikapigwa mara ya tatu.

Akageuka.

Kulikuwa na sauti, na haikuwa makofi. Ilikuwa ni watu wote kuvuta pumzi kwa pamoja, kama ukumbi wenyewe umeshtuka. Ardhi ilikuwa imefunguka ikatoa njano. Taa ilimpiga kifuani na ile satini ikarusha mwanga hadi kwenye nyuso za safu za mbele. Nilimwona mama yule amekuwa wa njano, mumewe amekuwa wa njano. Yule mfyekaji aliyekaa karibu yake, ambaye alijua kila kitu, alitupa panga akarudi nyuma kwa matako. Kitinda akasimama, taratibu, mkanda mweusi ukajichora kifuani, akainua kidevu kama yule bwana ndege wa kwenye kigingi. Kisha akatembea. Mguu baada ya mguu, kutoka katikati ya nyasi hadi ukingo wa jukwaa, pale pale alipoangukia, akawatazama watu machoni, safu kwa safu.

Alipotupa mgongo na kupotea, watu walisimama kumtafuta. Alipogeuka tena upande mwingine, walipiga kelele. Alifanya hivyo mara nyingi, na kila mara walipiga kelele upya, na mimi na Shangazi tulipiga kelele kuliko wote, sisi tuliokata kila unyoya. Na mwishoni alipokimbia na weupe wa mkia ukafunguka, yule kijana wa nyuma yetu alisimama juu ya kiti na kuita, "Mwangalieni! Mwangalieni!" kama vile ni yeye aliyemgundua.

*

Chumba cha kuvalia kilikuwa kidogo, kina kioo kilichopasuka na balbu moja. Kitinda alikuwa amekaa juu ya meza, bado amevaa, anakunywa maji moja kwa moja kutoka kwenye jagi. Filimbi alikuwa kwenye kona analia waziwazi na kujifuta kwa kitambaa cha mtu mwingine.

"Kwa nini hukugeuka?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa imekwisha. "Mara mbili! Nilikufa mara mbili pale!"

Akashusha jagi. Alikuwa na maji kidevuni, na mahameli yamemwachia alama nyeusi kwenye taya.

"Nilikuwa nawasikiliza," alisema. "Walikuwa hawajui niko pale, Dada. Mtu mmoja alikohoa, mtoto akaomba maji, mama akauliza ndege yuko wapi. Watu wa kawaida tu." Akacheka kidogo. "Nikaona raha. Nikasema ngoja niwasikilize kidogo, kisha nigeuke nikiwa tayari."

"Shuka hapo mezani," Shangazi alisema. "Inua mkono."

Kitinda akainua. Chini ya kwapa, mahali kahawia inapokutana na njano, mshono ulikuwa umeachia tangu ubavuni hadi kiunoni. Shangazi akapiga ulimi, akachomoa sindano kwenye kola yake, akakata uzi kwa meno.

"Simama wima, usipumue sana. Hii lazima iwe tayari. Kesho wanakuja wengine, na hao wameshaambiwa kuna ndege, watakukodolea macho tangu pazia likiwa limefungwa."

Mdogo wangu alinyoosha mikono yote miwili pembeni, Shangazi apate nafasi.

"Waje," alisema.